Ua la Kinangop kwenye roshani ya Lang'ata: je, mbegu zake zinahitaji friji?

SWALI: Hujambo mwalimu. Ninaishi Lang'ata, Nairobi, katika nyumba ya ghorofa yenye roshani inayotazama mashariki, na chini nimepewa kipande kidogo cha bustani. Kwa nyanya yangu huko Kinangop Kusini, kando ya kijito, kuna ua refu la rangi ya chungwa na nyekundu ambalo yeye alilikuta alipohamia pale, na nimeambiwa kwamba jina lake la kitaalamu ni Kniphofia thomsonii. Mwaka jana nilileta mbegu zake. Rafiki yangu aishiye Scotland alinishauri niziweke kwenye friji kwa wiki 6 kabla ya kuzipanda, nami nikafanya hivyo. Mwezi wa Aprili nikazipanda kwenye udongo wa hapa kwetu, kila mbegu nikiisukuma kwa kidole hadi pingili ya kwanza, kisha nikafunika sinia kwa plastiki. Kati ya mbegu 40 zilichipuka 7, na zote 7 zikalala chini ndani ya siku mbili, shina likiwa limesinyaa kama uzi pale linapogusa udongo. Je, friji ndiyo iliyoziua, au sikuziacha humo muda wa kutosha? Na je, ua la mlimani linaweza kweli kuishi Nairobi, hata kwenye ndoo?

JIBU: Dada yangu, friji haikuziua mbegu zako, wala hazikuhitaji wiki zaidi humo. Haikuwa na kazi yoyote ya kufanya. Ua unalolizungumzia halijui majira ya baridi. Linajua usiku wa baridi, na hayo ni mambo mawili ambayo maelekezo mengi ya kupanda maua, kwa kuwa yameandikwa na watu wa nchi za kaskazini kwa ajili ya bustani za kaskazini, huyachukulia kuwa jambo moja. Miche yako iliuawa na mambo matatu uliyoyataja mwenyewe bila kuyatilia shaka, yaani udongo, plastiki na kile kidole, na mvua ya Aprili ikamalizia kazi. Kwa kuwa nyanya yupo na ua bado lipo, unaweza kuanza upya, na safari hii utaanza na mwezi mwingine.

Kwanza tuhakikishe kwamba ua ni lenyewe. Vitalu vingi vya kando ya barabara hapa Nairobi huuza Kniphofia za aina nyingine, nyingi zikiwa machotara wenye asili ya Afrika Kusini, na mtu akiziona akiwa ndani ya matatu anaweza kuapa kwamba ni zile za Nyandarua. Ukisogea karibu, tofauti hujitokeza. Machotara hubeba maua yaliyosongamana kileleni mwa shina hadi kufanya umbo la gunzi la mahindi, mara nyingi jekundu juu na la manjano chini. Kniphofia thomsonii ina maua machache zaidi, yaliyoachana nafasi kiasi kwamba unaliona shina kati ya ua na ua, na kila ua ni mrija mwembamba uliopinda kidogo na kuinamisha mdomo, wenye rangi iliyo kati ya chungwa bivu na kaa la moto. Majani ni marefu na membamba, yamekunjika katikati kama karatasi iliyowahi kukunjwa ikafunguliwa, nayo hutoka kwenye shina nene lililolala chini ya udongo mithili ya tangawizi. Mmea huu ni wa ukoo mmoja na mshubiri, na ukiutazama mrija wa ua lake huku ukikumbuka ua la mshubiri, udugu huo hauhitaji kuelezwa na mtaalamu.

Suala la machotara si la kupendelea asili tu. Aina za Kniphofia huchanganyika kwa urahisi sana, na chozi, yule ndege mdogo anywaye maji matamu ya maua, akitoka kunywa kwenye ua la kitaluni kisha akaja kwenye lako, mbegu utakazochuma zinaweza kuzaa mmea ambao si wa mlimani wala si wa kitaluni. Kwa hiyo mbegu za nyanya yako, zilizotungwa kando ya kijito mbali na bustani za maua ya kununua, ni bora kuliko mbegu yoyote utakayopewa hapa mjini, hata ikiwa katika pakiti yenye picha nzuri.

Kuhusu jina, Thomson anayetajwa ni Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884, yule yule ambaye jina lake limemkalia swala tomi na ambaye aliipa safu ya Nyandarua jina la Aberdare, jina la mkuu wa chama cha jiografia kilichomtuma. Ua lilielezwa kisayansi huko Kew, bustani ya utafiti wa mimea nchini Uingereza, na John Gilbert Baker mwaka 1885. Nalitaja hili kwa sababu linanichekesha kidogo kwamba Mskoti alilichukua ua kutoka kwetu, na leo ushauri wa namna ya kulipanda unakuja kutoka Scotland.

Ushauri huo hata hivyo si wa kipuuzi; una mahali pake. Katika nchi zenye theluji, mbegu nyingi za maua ya kudumu huanguka mwishoni mwa kiangazi. Zingeota papo hapo, miche michanga ingekutwa na miezi mitatu au minne ya barafu na kufa yote. Kwa hiyo mimea ya huko imejiwekea kufuli ndani ya mbegu, na kufuli hilo hufunguliwa na wiki nyingi mfululizo za baridi pamoja na unyevu, ishara kwamba majira ya baridi yamepita na sasa ni salama kutoka. Mkulima anayeweka mbegu hizo kwenye friji, ndani ya mchanga wenye unyevu, anazidanganya kwamba majira yamepita. Ona neno unyevu. Mbegu kavu ndani ya bahasha kavu kwenye friji kavu haifunguki kufuli lolote, hata ingekuwa mbegu ya Scotland yenyewe, na kwa maelezo yako nadhani zako zilikaa zikiwa kavu.

Sasa panda Nyandarua kwa mawazo. Uko karibu na Ikweta, mchana una takriban saa 12 mwaka mzima, na wastani wa joto wa mwezi wa Januari haupishani sana na ule wa Julai. Tofauti kubwa iko ndani ya siku moja. Saa saba mchana jua linaunguza shingo, na alfajiri yake, kwenye nyika za juu, kuna ganda la barafu juu ya dimbwi, na hali hiyo inaweza kutokea mwezi wowote. Hakuna miezi ya baridi ya kusubiriwa. Mbegu iliyojifungia kwa ajili ya majira yasiyokuja ingekuwa imejifungia bure. Kinachoiamsha Kniphofia yetu ni mambo ya kawaida: iwe mbichi, ipate unyevu usiokatika, ipate joto la wastani la mchana, na ipate kushuka kwa joto usiku. Hilo la mwisho Nairobi inalitoa bila malipo, mradi sinia liwe nje. Watu wengi huliweka jikoni karibu na jiko wakidhani wanalisaidia, kumbe wanaliondolea usiku.

Friji yako basi itumie kama ghala. Mbegu iliyokauka vizuri ikiwekwa mahali pa baridi na pakavu huzeeka polepole, na ndiyo sababu benki ya taifa ya mbegu iliyoko Muguga, hapo upande wa Kikuyu, huhifadhi mbegu zake kwenye baridi kali baada ya kuzikausha. Zile ulizobakiwa nazo zitie kwenye bahasha ya karatasi, bahasha uiweke ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, na chini umimine vijiko viwili vya mchele uliokaangwa mkavu ukapoa, ili unyonye unyevu. Weka chupa kwenye rafu ya kawaida na si kwenye sehemu ya kugandisha, kwa kuwa mbegu ambayo haikukauka sawasawa ikigandishwa hupasuka ndani na kufa. Hata hivyo, kama nyanya anaweza kukupa mbegu mpya, nisingepoteza wakati na za mwaka jana.

Uchumaji unahitaji jicho. Maua ya shina moja hayakomai pamoja. Ya chini hutangulia, kwa hiyo utakuta vifuko vya chini vimekuwa vya kahawia na kuanza kupasuka huku vya juu bado vina kijani. Chuma vya kahawia tu, uviache vingine vifuate. Kila kifuko kina vyumba vitatu, na ndani mna mbegu ndogo za milimita chache, bapa kiasi, zenye pembe, nyeusi au kijivu kizito. Zile zilizo nyepesi na za rangi ya makapi ni maganda matupu, na kuzipanda ni kujitafutia huzuni. Ikiwa una shaka, ibonyeze mbegu moja kwa ukucha: nzima hukataa, tupu husagika. Zianike kivulini juu ya gazeti kwa siku tano au sita, na nyingi ziache pale pale kando ya kijito, kwa kuwa ndipo nyumbani kwake na wewe huhitaji zaidi ya konzi moja.

Hapa niseme neno la sheria, kwa sababu wasomaji wengine hawana nyanya Kinangop. Kuchuma mbegu au kung'oa mmea ndani ya hifadhi ya taifa, iwe ya Aberdare au ya Mlima Kenya, bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ni kosa, na msitu wa serikali nao una mwenyewe, yaani Huduma ya Misitu. Shambani kwa mtu, ruhusa ni ya mwenye shamba. Kuna sababu nyingine ya kupendelea Kinangop kuliko nyika za juu: mmea uliozoea kuishi chini kidogo, mahali ambapo mchana una joto na barafu ni ya nadra, una uwezekano mkubwa zaidi wa kuizoea Lang'ata kuliko ule uliotoka zaidi ya mita 3,000.

Wakati wa kupanda ndio ningeubadilisha kabla ya kitu kingine chochote. Aprili ni mwezi wa mvua nyingi hapa Nairobi, na unafuatwa na Juni, Julai na Agosti, miezi ya mawingu mazito na ubaridi wa kutambaa ambapo miche hukaa wiki nzima bila jua na udongo haukauki. Hakuna mazingira yanayopendwa zaidi na kuvu. Panda katikati ya Septemba. Jua linarudi, mchana unakaribia nyuzi 25 na usiku bado unashuka vizuri, na vuli za Oktoba hadi Desemba zitaikuta miche ikiwa tayari imesimama. Januari na Februari utamwagilia kwa mkono, kisha mvua ndefu za Machi zikianza utaihamishia bustanini ikiwa na umri wa miezi sita hivi, yenye mizizi ya kutosha.

Udongo wa kuoteshea usiwe ule wa uani. Sehemu kubwa ya Lang'ata ina ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mvua ikinyesha hugeuka kuwa ugali na jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mbegu ndogo ndani yake huzibwa pumzi kwanza, kisha huminywa. Changanya sehemu mbili za mboji iliyochekechwa au nyuzi za maganda ya nazi, ambazo siku hizi kila duka la pembejeo linaziuza zikiwa zimeshindiliwa kama tofali, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa. Ukipata zile changarawe nyepesi za volkano zinazotoka upande wa Naivasha, zitumie badala ya mchanga. Ni bora zaidi kwa kuwa zinashika unyevu bila kushika matope. Nyuzi za nazi zioshe mara mbili kwanza, maana nyingi hubeba chumvi. Mchanganyiko ukiwa tayari, uweke kwenye ndoo ya bati na uumwagie maji yanayochemka hadi uloe wote, uache upoe usiku kucha. Hatua hii haiui kila kijidudu, lakini hupunguza sana vimelea vya ugonjwa ulioiua miche yako.

Ugonjwa huo una jina. Wakulima wa mboga huuita kinyausi. Husababishwa na kuvu na vijidudu vinavyofanana nayo, viishivyo kwenye udongo wenye maji mengi na hewa isiyosogea. Hushambulia shina pale linapotokea ardhini, ndiyo maana uliona shina limesinyaa kama uzi mahali hapo na majani ya juu bado yana rangi ya kijani. Mche ukishalala hauinuki tena, na dawa unayopulizia baadaye inakuwa ni ya mazishi. Kinga ndiyo kazi yenyewe, na kinga kubwa ni hewa. Plastiki yako ililifanya sinia kuwa chungu cha mvuke. Kama unaogopa kukauka, tandaza juu ya sinia kipande cha gunia chepesi hadi mche wa kwanza utokeze, halafu kiondoe siku hiyo hiyo.

Tukija kwenye kidole chako: pingili ya kwanza ni kama sentimita mbili na nusu. Hicho ni kina cha kupandia mahindi. Mbegu ya milimita chache ina akiba ndogo ya chakula, na mche ukilazimika kupanda umbali wote huo gizani, hufika juu ukiwa umechoka na mrefu kupita kiasi, tayari kwa kinyausi. Lowesha sinia kwanza, sambaza mbegu juu, zikiachana kama sentimita mbili, kisha chekechea mchanga mwembamba juu yake hadi uzione kwa shida tu, yaani kama milimita tatu. Baada ya hapo usimwagilie kwa juu. Liweke sinia ndani ya beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, ungoje hadi uso wa udongo ubadilike rangi na kuwa mweusi, ulitoe, uliache lichuruzike. Rudia uso unapoanza kupauka. Mahali pa sinia ni roshani yako ya mashariki, ambako litapata jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa sita.

Kuota huanza baada ya wiki mbili hadi nne, lakini hazioti kwa amri moja. Zipo zitakazochelewa hadi mwezi wa pili, kwa hiyo usimwage sinia kwa sababu ya ukimya. Na uwe macho kwa jambo ambalo halimo katika maelekezo mengi: mche wa Kniphofia ukitoka haufanani na ua hata kidogo. Ni uzi mmoja wa kijani, kama kitunguu kilichootesha juzi, kisha uzi wa pili hujitokeza kando yake. Mwaka wa kwanza nilipojaribu, niliamka Jumamosi moja nikalipalilia sinia langu kwa bidii nikiondoa nyasi zilizovamia, na nilikuwa nimefika safu ya mwisho nilipogundua kwamba nyasi zote zilikuwa zimekaa kwa mstari. Panda basi kwa mistari iliyonyooka, na ukiona kitu kimeota nje ya mstari ndipo ukishuku.

Mche ukiwa na majani matatu au manne, na urefu wa kiganja, uhamishie kwenye mkebe au mfuko wake wenyewe wa upana wa sentimita 10 hadi 12. Ushike kwa jani, usiushike kwa shina. Chimbua kwa kijiti ili mizizi, ambayo wakati huo ni meupe na minene kuliko utakavyotarajia, itoke mizima. Sehemu ambapo majani yanakutana, ule moyo wa mche, ibaki usawa wa uso wa udongo. Ukiizika, maji hutuama humo na moyo huoza. Sasa mboji iwe nyingi zaidi, na kila baada ya wiki mbili unaweza kumwagilia chai ya samadi iliyokomaa, yaani maji yaliyolowekewa samadi hiyo, iliyozimuliwa hadi ionekane kama chai ya rangi isiyokolea. Usitie mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi. Mmea utanenepa majani na kuwakaribisha vidukari, halafu utakaa mwaka mzima bila wazo la kuchanua. Adui mwingine ni konokono na koa, ambao hula moyo wa mche usiku. Toka na tochi saa tatu usiku baada ya mvua, uwaokote kwa mkono.

Sasa swali lako la pili, kama ua hili linaweza kuishi Nairobi. Linaweza, kwa masharti. Jiji liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na makao ya kawaida ya ua hili yako juu zaidi, mara nyingi kupita mita 2,000. Mtu wa Limuru halihitaji somo hili. Mtu wa Embakasi angehitaji subira zaidi yako. Tatizo la Nairobi kwa mmea huu ni mizizi, na hapa watu huchanganyikiwa, kwa sababu kule mlimani wanaliona limesimama kwenye majimaji na kudhani linapenda tope. Maji ya kijito cha Kinangop ni baridi na yanatembea, na maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya vuguvugu. Mizizi pale imelowa lakini inapumua. Udongo mweusi wa Lang'ata ukijaa maji mwezi wa Aprili, maji yale husimama, hupata joto la mchana, oksijeni huisha, na shina lile la chini huanza kuoza. Miezi ya jua kali ikifika, udongo ule ule hupasuka na kukata mizizi. Mmea haufi kwa joto la Nairobi. Unakufa kwa kuzama na kukaukiwa kwa zamu.

Katika kipande chako cha bustani, inua tuta la sentimita 30 juu ya ardhi, ulijaze udongo mwekundu wa upande wa Kikuyu au Kiambu uliochanganywa na mboji nusu kwa nusu. Usichimbe shimo kwenye udongo mweusi na kulijaza udongo mzuri, kwani utakuwa umetengeneza beseni. Panda miche mitatu au zaidi, ikiachana nusu mita, mahali penye jua la asubuhi, kisha tandaza majani makavu kuizunguka ili udongo ubaki baridi, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka moyo wa kila mmea. Kuanzia Januari hadi mvua zinapoanza, mwagilia kwa wingi mara mbili au tatu kwa wiki, jioni.

Maji yenyewe yana habari. Ya bomba la jiji ni mazuri, na hupaswi kushangaa, kwa sababu bwawa la Ndakaini na lile la Sasumua, ambalo liko huko huko Kinangop Kusini, hukusanya maji ya mito ya Nyandarua. Ua lako linanyweshwa maji ya kwao. Ila nyumba nyingi za ghorofa hutegemea kisima cha kuchimbwa wakati wa mgao, na maji ya visima vingi vya Nairobi yana floraidi na chumvi za sodiamu kwa wingi. Ukiyatumia mwezi baada ya mwezi, udongo huelekea kuwa na magadi na ncha za majani huungua kahawia. Ikiwa ndivyo ilivyo kwenu, kinga maji ya mvua kwenye pipa, na yatumie kwa miche kabla ya kitu kingine chochote.

Usitarajie ua mwaka wa kwanza. Mmea uliotokana na mbegu huchanua mwaka wa pili ukiwa na bahati, na mara nyingi wa tatu. Kabla ya hapo utakuwa na fungu la majani tu, na majirani watakuuliza kwa nini unamwagilia nyasi. Kuchanua kukianza, chozi watalipata bila kuelekezwa. Hata ndani ya jiji wapo wa kutosha, hasa yule mwenye mng'ao wa shaba na mkia mrefu.

Na kwenye ndoo? Ndiyo, na kwa Lang'ata nadhani ndoo inaweza kukufaa kuliko bustani, kwa kuwa udongo wote utakuwa umeuchagua wewe. Tumia ndoo ya lita 20 kwa mmea mmoja, yenye rangi nyeupe au ya maziwa kwa sababu nyeusi hupika mizizi, uitoboe mashimo manane chini na manne pembeni karibu na kitako. Iinue juu ya vipande viwili vya matofali ili mashimo yasizibwe na sakafu. Jaza mchanganyiko ule ule wa tuta ukiongeza sehemu moja ya changarawe nyepesi, na usiweke sahani ya kukinga maji chini yake, isipokuwa Januari na Februari, ambapo unaweza kuiweka asubuhi ikiwa na maji na kuyamwaga jioni yatakayokuwa yamebaki. Kila baada ya miaka miwili au mitatu ndoo itajaa machipukizi; Machi, mvua zikikaribia, utaupindua mmea, utaugawa kwa kisu chenye makali, kila kipande kikiwa na mizizi yake, na kimoja utakirudisha Kinangop kwa nyanya.